"Bila nafaka" si "bila wanga"

Ukiingia duka la vyakula vya mbwa na paka siku hizi, Dar au Nairobi, hukosi kuambiwa hivi: "Huu mfuko hauna nafaka, kwa hiyo hauna wanga. Nyama tupu." Kipande cha kwanza mara nyingi ni kweli. Kilichobaki amekiongeza muuzaji, na mnunuzi analipa zaidi kwa ajili ya hicho kilichoongezwa.

Maana yenyewe ni fupi. Chakula kisicho na nafaka ni kile ambacho hakikutiwa ngano, mahindi, mchele, shayiri, mtama, uwele, ulezi na ndugu zao, yaani mbegu za mimea ya jamii ya nyasi. Basi. Nyama iliyomo ni kiasi gani, ya sehemu gani ya mnyama, hayo hayamo kwenye maana. Wala hakuna habari ya gluteni (protini iliyomo kwenye ngano) peke yake, kwa sababu mchele na mahindi ni nafaka na havina gluteni inayosumbua watu kwenye ngano.

Kwetu mkanganyiko unaeleweka. Duka la nafaka linauza maharage na choroko gunia kwa gunia na mchele, na hakuna anayelalamika. Lakini kwa mtengenezaji wa chakula cha mbwa, maharage ni mikunde, muhogo ni mzizi, na vyote viwili ni halali kabisa kwenye mfuko wa "bila nafaka". Tena vinahitajika. Chakula kikavu hupikwa kwenye mashine inayosukuma unga kwa joto na mgandamizo, na kwa kawaida wanga ndio unaoshikanisha vile vidonge na kuvifanya vifure. Mchele ukitoka, kitu kingine chenye wanga kinaingia: njegere, adesi, dengu, viazi, unga wa muhogo.

Hesabu yake inafanyika hapo hapo dukani. Tuseme mfuko umeandikwa protini asilimia 26, mafuta 14, nyuzinyuzi 4, majivu (yaani madini) 8, unyevu 10. Jumla ni 62. Hizo 38 zilizobaki ni kabohaidreti, na sehemu kubwa yake ni wanga. Kama majivu hayakuandikwa, weka 7 au 8, hutakosea sana. Fanya hivyo kwa mfuko wenye nafaka ulio kando yake, na usishangae namba zikikaribiana.

Orodha ya viambato nayo ina ujanja wake. Hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, na nyama mbichi ya kuku ni maji kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo inaweza kuongoza orodha halafu ikapungua sana mashineni. Wakati huohuo njegere zinagawanywa: unga wa njegere, protini ya njegere, nyuzinyuzi za njegere, kila kimoja kwenye mstari wake. Zikusanye pamoja kichwani uone kama kuku bado ni wa kwanza.

Nafaka ilichafuka jina vipi? Sehemu ya habari ni ya Marekani, 2007, vyakula vingi vya mbwa na paka vilipoondolewa sokoni baada ya wanyama kuharibika figo. Gluteni ya ngano iliyoagizwa kutoka China ilikutwa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, iliyotiwa ili kipimo kionyeshe protini nyingi. Kosa lilikuwa la waliochakachua. Ngano ndiyo iliyobeba lawama.

Halafu kuna hoja ya mbwa mwitu (yule aitwaye wolf kwa Kiingereza, si yule wa mbuga zetu): yeye ni babu wa mbwa na hakula ugali, kwa nini mbwa ale? Watafiti wa Sweden walichapisha jibu 2013 kwenye jarida la Nature. Mbwa mwitu ana nakala mbili za jeni ya kutengeneza kimeng'enya cha kongosho kinachosaga wanga. Mbwa wa nyumbani ana kuanzia 4 hadi 30. Paka ni habari nyingine, yeye ni mla nyama hasa, hawezi kuishi bila taurini (kirutubisho kilichomo kwenye nyama) ya kutosha na hawezi kutengeneza vitamini A kutoka kwenye karoti. Lakini mfuko wa paka uliojaa njegere haumfai zaidi kwa sababu tu hauna mchele.

Mzio? Mapitio ya tafiti ya 2016 yaliweka nyama ya ng'ombe juu ya orodha ya vyakula vinavyoleta mzio kwa mbwa, kisha maziwa, kisha kuku, ngano ikafuata. Anayejikuna akihamishiwa mfuko usio na nafaka lakini wenye kuku yule yule, huenda hakuna kilichobadilika.

Na bila nafaka si lazima iwe salama zaidi. Julai 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kwamba inachunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka, wengi wao wakila vyakula vyenye mikunde au viazi kwa wingi. Chanzo hakikuthibitishwa, na mwishoni mwa 2022 wakasema hawatatoa taarifa za mara kwa mara hadi kuwe na jambo jipya la maana. Sitaki mtu atupe mfuko wake kwa hofu. Ila mwenye mbwa anayekula chakula cha namna hiyo kwa miaka amwambie daktari wa mifugo, hata kama hajaulizwa.

Ukitaka kuikosoa nafaka hapa kwetu, ziko sababu nzuri zaidi. Mahindi yenye ukungu, yale ambayo nyumbani hayaliwi tena, ndiyo yanayosagwa "kwa ajili ya mbwa", na sumukuvu huua ini la mbwa kama inavyoua la mtu. Hapo tatizo ni ukungu na ghala.

Kwa hiyo kaka zangu wauzaji, endeleeni kuuza, mifuko mingine ni mizuri kweli. Semeni tu "hauna nafaka, una njegere na viazi", na muonyeshe mteja palipoandikwa kwamba ni chakula kamili kwa umri wa mnyama wake. Kama hapajaandikwa, mwambieni hilo pia.