"Ni Uzee Tu": Sonona na Usahaulifu wa Wazee Wetu

Babu amefiwa na mkewe. Miezi mitatu baadaye hasikilizi tena taarifa ya habari, chakula anakigusa tu na kukirudisha, jina la mjukuu linampotea mdomoni. Nyumba nzima inakata shauri: uzee huo. Kauli hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu huenda nyuma yake kuna ugonjwa unaotibika ambao hakuna aliyeutafuta.

Ingekuwa ni umri tu, wazee wote wangepatwa. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa watu wa miaka 70 na zaidi, ulikuta demensia kwa takriban 6 kati ya kila 100. Demensia ni maradhi ya ubongo yanayokula kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kidogo kidogo. Si zawadi ya miaka.

"Akianza kusahau, akili imekwisha"

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, nayo husahaulisha. Mtu aliyezama kwenye majonzi hana umakini, na jambo ambalo halikuingia vizuri kichwani haliwezi kukumbukwa. Tangu mwaka 1961 daktari wa magonjwa ya akili Leslie Kiloh aliandika kuhusu wagonjwa walioonekana wana demensia kumbe wana maradhi mengine, sonona ikiwemo.

Tazama usahaulifu ulivyoanza. Ule wa sonona mara nyingi huwa na tarehe: tangu msiba, tangu alipostaafu, tangu mguu ulipovunjika. Mgonjwa mwenyewe hulalamika kwamba hakumbuki kitu, ukimuuliza swali anajibu "sijui" hata kabla ya kujaribu, ila ukimdokezea kidogo jina linarudi. Demensia, hasa ya Alzheimer, aina yake inayoonekana zaidi, huingia kimyakimya kwa miaka. Mzee anasema yuko sawa. Watoto ndio wanaoona amesimulia kisa kilekile mara nne asubuhi moja, na kumdokezea hakusaidii sana. Hata hivyo mpaka huo si ukuta, maana mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Kazi ya kupambanua ni ya daktari, atakayepima pia vitamini B12, tezi ya shingo, sukari na virusi vya UKIMWI.

Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku mbili, msingoje. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

"Hana sonona, mbona halii?"

Wazee wetu wengi hawasemi "nina huzuni". Wanasema mgongo unauma, usingizi umekata, chakula hakina ladha, "nina mawazo". Baba aliyeacha kwenda kucheza bao barazani amekwisha kukuambia, bila kutoa chozi.

"Amerogwa", au "yeye ndiye mchawi"

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Bibi anayetangatanga usiku na kuongea peke yake anahitaji matibabu na mtu wa kumshika mkono.

"Sonona ikipona, mambo yamekwisha"

Hapa nawaomba subira. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet liliorodhesha sonona miongoni mwa vihatarishi 14 ambavyo, vikidhibitiwa vyote, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Uhusiano wenyewe una njia nyingi. Homoni za msongo wa muda mrefu huenda zikaathiri sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Shinikizo la damu huharibu mishipa midogo ya ubongo, na uharibifu huo unaweza kuleta sonona na usahaulifu kwa pamoja. Mpweke naye haongei, hatembei, hali vizuri. Na wakati mwingine sonona inayomjia mtu uzeeni kwa mara ya kwanza ndiyo dalili ya mapema ya demensia yenyewe. Kwa hiyo akipata nafuu, kumbukumbu zipimwe tena baada ya miezi kadhaa, na tena baadaye.

"Mpe kidonge cha usingizi, atatulia"

Diazepamu humwongezea mzee usahaulifu na hatari ya kuanguka. Amitriptilini, ambayo hutolewa sana kwa sonona na maumivu, nayo inaweza kuvuruga kumbukumbu kwa umri huo. Msimwachishe dawa kwa ghafla. Tieni dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na zile za duka la mtaani na za miti shamba, mwende nazo kwa daktari, mumwulize ipi inaweza kubadilishwa.