Je, wajua kwa nini Marekani kampuni mpya hulipa likizo ya mlinzi iliyemkuta langoni?

Mlinzi yupo kwenye lango la jengo la serikali kuu jijini Washington. Ijumaa sare yake ina nembo ya kampuni moja, Jumatatu ina nembo ya nyingine, maana tenda imekwenda kwa mzabuni mwingine. Kiti ni kilekile, na mashine ya kukagulia mabegi ni ileile. Jumatano anatimiza miaka mitano tangu aanze kazi pale. Nani amlipe likizo yake ya mwaka?

Kampuni mpya, na ni likizo nzima, hata kama imemwajiri kwa siku tatu tu.

Sababu iko kwenye hesabu za zabuni. Tenda ya ulinzi au usafi haina saruji wala nondo za kupunguza. Karibu gharama yote ni mishahara. Anayetaka kushinda kwa bei ya chini ana mahali pamoja tu pa kukata, nako ni mfukoni mwa anayeshika ufagio. Mwajiri mwenye huruma hukosa tenda, na serikali hujikuta imekuwa mnunuzi anayeshusha mishahara ya mtaa mzima.

Kwenye ujenzi Wamarekani waliliona hili mapema. Miaka ya 1920 mkandarasi kutoka Alabama alipata tenda ya kujenga hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Long Island, New York, akaja na vibarua wake wa bei ya kwao. Mbunge wa eneo hilo, Robert Bacon, akalipigia kelele hadi sheria ya mishahara ya ujenzi wa serikali ikapita mwaka 1931. (Vibarua wale walikuwa Weusi, na ukisoma mijadala ya bunge utaona kwamba si kila aliyeiunga mkono alikuwa na uchungu na kibarua.) Wauzaji wa bidhaa kwa serikali walifuata mwaka 1936. Wafagiaji, walinzi, wapishi na wafua nguo walisubiri hadi Oktoba 1965, Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria ya mikataba ya huduma.

Sheria hiyo iliuondoa mshahara kwenye ushindani. Kila mkataba wa huduma unaozidi dola 2,500 huambatanishwa na karatasi ya viwango kutoka Wizara ya Kazi: kazi hii, eneo hili, usilipe chini ya kiasi hiki kwa saa. Viwango hivyo hufuata hali ya mishahara ya eneo, ndiyo maana mara nyingi huwa juu sana ya kima cha chini cha taifa, ambacho kimekwama kwenye dola 7.25 tangu mwaka 2009.

Chini ya mshahara kuna mstari wa pili ambao wengi huuruka wakisoma slipu zao. Huandikwa H&W, nayo ni stahili ya afya na ustawi. Kiwango cha kawaida kilichotangazwa Julai 2024 kilikuwa dola 5.36 kwa saa, au 4.93 pale ambapo mkataba tayari unadai likizo ya ugonjwa yenye malipo. Zidisha 5.36 kwa saa 40 upate dola 214.40 kwa wiki. Mwajiri anaweza kuzitumia kununua bima au kuchangia akiba ya uzeeni, au akazitoa taslimu. Uchaguzi ni wake, na hapo ndipo manung'uniko huanzia, kwa sababu kijana mzima wa afya angependa fedha mkononi. Asichoruhusiwa mwajiri ni kusema, "Mshahara wangu uko juu ya kiwango, basi hiyo nyingine imo humo." Kwenye mikataba ya huduma, hizo ni hesabu mbili tofauti.

Turudi kwenye likizo. Karatasi nyingi za viwango hutoa wiki mbili baada ya mwaka mmoja, kisha huongezeka kadiri miaka inavyosonga. Miaka hiyo huhesabiwa kwa kazi ileile mahali palepale, hata kama waajiri wamebadilika. Anayekuwa mwajiri siku mwaka unapotimia ndiye anayelipa. Ili mgeni asishtukizwe, kampuni inayotoka hutakiwa kukabidhi orodha ya wafanyakazi na tarehe zao za kuanza, angalau siku 10 kabla mkataba haujaisha. Mzabuni makini huzitia likizo hizo kwenye bei yake tangu mwanzo.

Na pasipo na sheria hiyo? Inaishia kwenye ardhi ya Marekani na himaya zake. Maelfu ya Waganda waliolinda kambi za Wamarekani nchini Iraq kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hawakuwa na karatasi ya viwango. Kadiri kampuni zilivyogombania tenda na vijana walivyojipanga foleni Kampala, malipo yaliyoanza kwenye dola 1,000 hivi kwa mwezi yalishuka hadi nusu na chini yake. Kazi ni ileile ya kukaa langoni na kukagua watu, tena chini ya makombora.

Amri za rais ni jambo jingine. Joe Biden aliweka kima cha dola 15 kwa saa kwenye mikataba mingi ya serikali kuanzia Januari 2022. Donald Trump akaifuta Machi 2025. Karatasi ya viwango ilibaki, kwa sababu hiyo ni sheria ya bunge.

Mfanyakazi aliyepunjwa hapeleki kesi yake mwenyewe mahakamani kwa sheria hii. Hulalamika kwa kitengo cha mishahara cha Wizara ya Kazi, nayo serikali ina mkono mrefu: inaweza kuzuia malipo ya kampuni ili watu walipwe kwanza, na kuifungia tenda zake kwa miaka mitatu. Karatasi yenyewe ya viwango inatakiwa ibandikwe mahali pa kazi panapoonekana. Mara nyingi utaikuta pale penye saa ya kusaini, nyuma ya tangazo la mtu anayeuza gari.