"Yanatokaga" sio ujinga

Juzi tena. Kwenye group la WhatsApp la mtaa wetu hapa Nzuguni, Dodoma, dada mmoja kauliza kama ni kweli maji yanatokaga asubuhi tu, yeye ni mgeni, kahamia mwezi huu. Badala ya kumjibu habari ya maji watu wakamvamia. Rudi shule. Hiyo lahaja ya Kigogo. Kiswahili cha bara kimeoza. Jioni akatoka kwenye group.

Mimi nimesomea isimu na nahariri vitabu, kusahihisha watu ndio ugali wangu, kwa hiyo nisikilizeni.

Chigogo, hicho mnachokiita Kigogo, sio lahaja ya Kiswahili. Ni lugha, kama Kirangi, Kiburunge na Kisandawe za humu humu mkoani, na Kisandawe hata Kibantu sio, kina vidoko, zile sauti za kudoko kwa ulimi. Na anayesema "kalibu" ana lafudhi, hayo ni matamshi tu. Hapo tumemaliza.

Lahaja ina kanuni. Mtu wa Mombasa akikwambia ndoo, ndia, ndaa kwa maana ya njoo, njia, njaa, hajakosea mara tatu, kafuata kanuni moja mara tatu. Kiunguja chenyewe, cha Zanzibar, ni lahaja, kilichaguliwa kwenye mkutano wa 1928 Mombasa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Wangechagua Kimvita, hicho cha Mombasa, leo mtoto wa Kongwa angekatwa maksi kwa kuandika njia.

Sasa hii -ga ya mwisho wa "yanatokaga" ndio inanichosha kabisa. Mnasema ni uvivu, haya, ipachikeni ovyo tuone. "Fungua bomba, maji yanatokaga sasa hivi." Nani anasema hivyo? Hakuna, sikio linakataa, kwa sababu -ga ni ya mazoea, ya kila siku, na huyo dada aliiweka pale pale inapotakiwa. Mtaniambia sanifu ina hu-, maji hutoka. Sawa, lakini hu- inameza nafsi, ukisema "hulala mapema" sijui ni mimi, wewe au yule, wakati "nalalaga" inajitosheleza. Tena hu- haiendi wakati uliopita, "alikujaga" kwa sanifu inabidi uzunguke, alikuwa akija. Na kiambishi chenyewe ni kikongwe, kimo kwenye lugha kibao za Kibantu za bara, sio uchafu ulioletwa na bodaboda jana.

Kwenye miswada naikata, kila wiki, kwa sababu kitabu cha shule ni cha sanifu na mtoto atafanya mtihani. Ila nikiikuta kwenye mdomo wa bibi ndani ya riwaya mkono unakuwa mzito, nimeshakata mara nyingi na sina hakika kama nilitenda haki. Na hawa watoto waliozaliwa Dodoma, baba Mrangi mama Mhehe, lugha yao ya kwanza ni Kiswahili na -ga imo ndani, chao tukiiteje? Mimi naona lahaja inazaliwa. Wenzangu wanabisha, -ga inasikika Mwanza mpaka Mbeya na lahaja tumezoea iwe na kwao, na kwenye hoja hiyo wananibana kweli.

Yule dada nilimfuata inbox. Akaniuliza, "Kaka, kwani nilitakiwa niandikeje?" Nikamwambia uliandika vizuri, na maji yanatokaga saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja, panga madumu usiku.