Stollen hailiwi siku inayookwa

Jana nilizima tanuri saa kumi na nusu jioni, nikatoka nje kupunga upepo, nikakuta taa za barabarani zimewaka kitambo. Ndiyo Desemba ya Dresden, Ujerumani. Jua huchomoza saa mbili hivi asubuhi, saa kumi jioni limeshazama, na hapo katikati mara nyingi hulioni, unaona mawingu tu yaliyopungua weusi. Mtu aliyekulia Tukuyu baridi na ukungu anavijua, hatishwi na sweta. Kinachomlemea ni giza. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mambo yote wanayoyafanya watu wa huku mwezi huu, mishumaa, nyota za karatasi, biskuti za viungo, kusomeana vitabu jioni, ni silaha dhidi ya giza hilo, na karibu yote yana sharti moja: unaanza mapema, kisha unaliacha jambo likae.

Mimi ni mwokaji. Kazi hii niliisomea hapa hapa kwa uanagenzi wa miaka mitatu, na kila mwaka simu yangu hupokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa wadogo zangu waliotapakaa Ulaya: "Dada, shikamoo. Nitumie vipimo vya ule mkate wenye sukari nyeupe juu, nataka kuoka kesho." Natazama tarehe: 23 Desemba. Vipimo nitavitoa hapa, lakini mwenye kuoka tarehe 23 amechelewa mwezi mzima.

Mkate wenyewe unaitwa Stollen. Ni mrefu, umekunjwa, umefunikwa sukari, na watu husema ndivyo mtoto Yesu alivyofungwa nguo. Hapa Dresden unatajwa katika hati ya mwaka 1474, na siku hizo ulikuwa mkate wa mfungo. Majilio, yale majuma manne kabla ya Krismasi, yalikuwa majuma ya kufunga, siagi na maziwa vikiwa haramu, na waokaji walilazimika kutumia mafuta ya mbegu. Hebu fikiria maandazi yasiyo na tui, sukari wala iliki. Malalamiko yalifika mpaka Roma, na mwaka 1491 Papa Innocent VIII akatoa waraka wa kuruhusu siagi. Mpaka leo Wajerumani wanauita waraka wa siagi.

Walipopewa ruhusa hawakujizuia tena. Jina la Stollen ya Dresden limelindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2010, na anayetaka kulitumia ana masharti: kwa kila kilo 100 za unga, siagi isipungue kilo 50, zabibu kavu kilo 65, maganda ya machungwa na malimau yaliyopikwa kwa sukari kilo 20, na lozi kilo 15. Majarini hairuhusiwi hata ya dawa. Jumlisha mwenyewe. Vinavyotiwa vinauzidi unga kwa nusu nzima. Huo si mkate wenye zabibu, ni zabibu na siagi zilizoshikizwa kwa mkate kidogo.

Na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Siagi nyingi huuzunguka unga na kuuzuia usijenge ule mvuto unaoubeba mkate, na hamira nayo huchoka haraka ndani ya mafuta na sukari. Kwa hiyo hatuvitii vyote pamoja. Kwanza tunachukua sehemu ya unga, maziwa ya uvuguvugu na hamira yote, tunachanganya, tunafunika kwa dakika arobaini hivi mpaka uchachu ufanye mapovu. Hamira ikishaamka na kushiba, ndipo inapoweza kuubeba mzigo unaokuja.

Vipimo vya nyumbani, mikate miwili: unga wa ngano nusu kilo, siagi gramu 250, zabibu kavu gramu 325, maganda ya machungwa yenye sukari gramu 100, lozi zilizokatwakatwa gramu 75, sukari gramu 60, maziwa kama mililita 150, hamira kavu gramu 15, chumvi kijiko kidogo, ganda la limau lililoparwa, iliki na basibasi kiasi cha kunukia. Maganda ya machungwa usiyanunue. Yakate, yachemshe mara tatu ukimwaga maji kila mara ili uchungu utoke, halafu yapike polepole kwenye shira mpaka yang'ae. Ukiwa Dar na lozi zimekushinda bei, tia korosho. Mtu wa Dresden atakunja uso, lakini yeye hatakuwepo.

Zabibu zilowekwe tangu jana yake. Zabibu kavu ikiingia kavu hunyonya maji ya kinyunya, na mkate unakuwa kama vumbi baada ya siku tatu. Huku huziloweka kwa ramu. Kwangu wageni wengi wa Krismasi ni Waislamu wa Mombasa na Zanzibar, kwa mkate wao natumia maji ya machungwa, ila mkate wa namna hiyo nauhifadhi kwenye friji na siuweki zaidi ya wiki mbili. Kabla ya kuzitumia zichuje vizuri. Zisidondoke tone.

Uchachu ukiwa tayari, ongeza unga uliobaki, sukari, chumvi, viungo, kisha siagi laini kidogokidogo, ukande mpaka kinyunya kiache kung'ang'ania bakuli. Acha kipumzike saa moja. Zabibu, maganda na lozi huja mwisho kabisa, na huchanganywa kwa mkono, kwa kukunja, si kwa kukanda. Hili nililijua kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwaga zabibu kwenye mashine mapema, nikaenda kupanga trei, niliporudi zilikuwa zimesagika na kinyunya kimekuwa rangi ya saruji. Kilo arobaini. Fundi mkuu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Leo utakula wewe," na kweli nilikula mpaka Januari.

Gawanya mara mbili, sukuma kila donge liwe bapa, likunje upande mmoja juu ya mwingine. Acha dakika thelathini. Kabla ya kuingiza tanurini, kwa nyuzi 175 na kwa dakika 45 hadi 50, pitisha macho juu ya mkate na uchomoe kila zabibu iliyochungulia nje. Zabibu ya juu huungua, na uchungu wake hauishii pale ilipo.

Mkate ukitoka ungali moto, upake siagi iliyoyeyushwa pande zote, hata chini, bila huruma, kisha unyunyizie sukari ya kawaida. Ukipoa kabisa, ufunike kwa sukari ya unga mpaka usionekane. Hii si mapambo. Siagi na sukari huziba mkate ili unyevu usitoke.

Na sasa, usiule. Stollen ya siku hiyo hiyo ina ladha tatu zinazogombana: zabibu kivyake, siagi kivyake, iliki kivyake, na mkate wenyewe mkavu kidogo. Ufunge kwenye karatasi ya foili, uweke mahali pa baridi, nyuzi kumi hivi. Nyumba za huku zina chumba cha chini ya ardhi kinachofaa kabisa. Dar es Salaam weka rafu ya chini ya friji, na uutoe saa moja kabla ya kukata. Ndani ya wiki mbili mpaka nne unyevu wa zabibu unahamia kwenye mkate, siagi inatulia, viungo vinaenea. Unachokikata mwishoni si kile ulichokifunga. Ndiyo maana sisi tunaoka kuanzia Oktoba, na ndiyo maana nawasihi wadogo zangu wanitumie ujumbe mapema.

Mkate wa viungo na asali, Lebkuchen, una subira kubwa zaidi. Kwa njia ya zamani asali na unga hukandwa bila kitu cha kuumulia na kuwekwa mahali pa baridi kwa wiki, hata miezi. Taratibu uchachu, yaani asidi, hujijenga humo. Kisha ndipo inapotiwa potasi, ambayo hapo kale ilichujwa kutoka kwenye majivu ya kuni, na potasi ikikutana na ule uchachu hutoa hewa inayoumua. Niliposomeshwa hili darasani nilicheka peke yangu. Bibi yangu alikuwa akitia magadi kwenye maharage ili yaive upesi, na mimi nimesafiri mpaka Ujerumani kufundishwa chumvi ya majivu.

Kuna jambo moja nataka kulisahihisha kwa sababu nasikia Waswahili wenzangu wakilisema kwa kujivuna. Karafuu zilizoujengea mji wa Nuremberg sifa ya mikate ya viungo hazikutoka Zanzibar. Watu wa Nuremberg walikuwa wakioka kwa karafuu karne nyingi kabla, enzi ambazo karafuu zote duniani zilitoka visiwa vya Maluku. Mkarafuu umefika Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19 tu. Kujivuna kwetu kuna mahali pengine: nusa karafuu ya Pemba iliyokaushwa vizuri kwenye mkeka, halafu nusa ile ya unga ya kichupa cha dukani. Mimi huja nazo kwenye begi kila nikitoka likizo, nasaga mwenyewe siku ya kutumia.

Wakati mikate imelala, mikono inapata kazi nyingine. Kwa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka hapa kuna mji mdogo wa Herrnhut, na kwangu huo si mji wa kupita tu. Ndiko kanisa la Moravian lilikojijenga upya katika karne ya 18, na Wamoravian hao ndio waliofika Rungwe mwaka 1891. Nimebatizwa Moravian kwa sababu ya safari ile. Sasa, katika shule za bweni za Wamoravian huku Saxony, jimbo letu, ambako watoto wa wamisionari waliachwa wazazi wakiwa ng'ambo, mwalimu mmoja wa karne ya 19 alitumia nyota ya karatasi kufundisha jiometria. Ikawa desturi: Jumapili ya kwanza ya Majilio watoto wanaunda nyota zao. Naipenda historia hii, na inanitia simanzi pia. Hesabu iligeuzwa kuwa taa kwa watoto ambao mama zao walikuwa mbali.

Nyota hiyo ina pembe 25. Katikati kuna umbo lenye nyuso 26, miraba 18 na pembetatu 8. Mraba mmoja unaachwa wazi kwa ajili ya taa na kamba, na kila uso uliobaki unabeba piramidi ya karatasi: 17 zenye kitako cha mraba, 8 zenye kitako cha pembetatu. Mimi na binti yangu tulizitengeneza kwa karatasi ngumu, tatu au nne kila jioni. Siri ni kukwaruza mstari wa mkunjo kwa mgongo wa kisu kabla ya kukunja, la sivyo kona zinakuwa butu na pembe inalegea. Usiharakishe gundi. Tuliharakisha mwaka juzi, nyota ikamwaga pembe zake sebuleni saa nane usiku, tukadhani ni mwizi.

Kusoma nako kuna utaratibu wake. Herrnhut ndiko kinakotoka kile kijitabu cha neno la kila siku, kilichochapishwa mara ya kwanza kwa mwaka 1731 na hakijakatika tangu hapo. Mistari ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura, kisha wa Agano Jipya hutafutwa wa kuandamana nao. Nyumbani kwetu Tukuyu tulisoma asubuhi, haraka, kabla ya shamba. Hapa tunasoma jioni, mshumaa ukiwaka, halafu binti yangu anaruhusiwa kuchagua hadithi moja ya Kiswahili. Kanuni yangu ni kwamba haturuki mbele kuona mwisho. Analalamika kila siku, na kila siku anakaa karibu zaidi.

Malalamiko ya watoto nayo yana historia. Shada la mishumaa la Majilio lilianzia Hamburg mwaka 1839, kwa mwanatheolojia Johann Hinrich Wichern, aliyelea watoto maskini. Walikuwa wakimsumbua kila kukicha: Krismasi lini? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa, midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili, wakawa wanawasha mmoja kila siku na kujihesabia wenyewe. Siku hizi imebaki ile minne tu.

Mikate yangu miwili ya ramu iko kwenye chumba cha chini tangu Novemba. Tutaikata mkesha wa Krismasi, baada ya wali wa Kyela na kuku, kwa sababu hilo sibadilishi. Na ukifika wakati wa kukata wako, usianzie pembeni kama mkate wa chai. Kata katikati, toa vipande unavyohitaji, kisha sukuma nusu mbili zilizobaki zigusane, zifunge tena, na uzirudishe kwenye baridi.