Uzi wa E wa gitaa la besi uliokufa siku tatu baada ya kuvishwa

Jumamosi alinijia kijana wa kwaya kutoka Igoma, hapa Mwanza, gitaa la besi mgongoni. "Shikamoo fundi. Pikapu yangu imeungua upande wa E. Nyuzi ni mpya, nimevisha Jumatano." Pikapu ni kile kinasa sauti chenye sumaku kilicho chini ya nyuzi, na E ndio uzi mnene kuliko zote nne. Nikachomeka kwenye amplifaya. A, D na G zinaimba. E inatoa "dup", kama ubao wa mtumbwi ukigongwa, halafu kimya.

Nikachomoa waya, nikaegemeza sikio kwenye pembe ya gitaa, nikaupiga tena. Bado "dup". Bila amplifaya ubao haudanganyi: uzi uliokufa hapo hauna kesi na pikapu. Ungelia vizuri pale kisha ukafifia kwenye spika, ningepandisha pikapu upande wa E, nusu mzunguko wa bisibisi kila mara. Ukizidisha, sumaku inauvuta uzi na sauti inayumba. Na kama nyuzi zote nne zimedhoofika kwenye besi yenye betri, anza na betri ya volti 9 kabla hujafungua chochote.

Uzi wa besi ni waya wa ndani uliozungushiwa waya mwingine. Ukiuvisha ukiwa umesokoteka, au ukiukata kabla ya kuukunja, ule wa nje unaweza kulegea juu ya wa ndani, na mtetemo unafia humo. Nililegeza ufunguo wa kukazia uzi, nikauchomoa uzi, nikauachia ujinyooshe. Ulijizungusha mara mbili nzima! Nikaurudisha, mizunguko mitatu kwenye ufunguo ikishuka chini, kisha nikaubonyeza kwa kidole gumba pale unapovuka briji (daraja la nyuzi kwenye ubao) na nati (kipande chenye mifereji juu ya shingo) ili ukunjike sawasawa. Waya wa nje ukishateleza kabisa, hakuna dawa, nunua mwingine.

Nyuzi za zamani ni habari nyingine. Jasho la ibada ya saa tatu na unyevu huu wa ziwa hujaza uchafu katikati ya mizunguko. Mimi huziloweka usiku kucha kwenye spiriti, chupa imefungwa, mbali na jiko. Mng'ao hurudi, ila si kama wa siku ya kwanza.

Usichanganye hayo na noti moja inayozimika kwenye uzi wa G, freti (vile vyuma vya shingoni) ya 5 hadi ya 7. Hapo shingo yenyewe inameza mtetemo. Badilisha nyuzi uchoke, itabaki vilevile.

E ya kijana ikalia mpaka glasi ya chai ikatetemeka mezani. Akaniuliza pikapu mpya ni shilingi ngapi.