Tangi la Samadi na Trekta Yake: Anza na Njia, Si na Lita

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaonijia kutoka Kisauni, Mtwapa, Kikambala na ng'ambo ya Likoni huanza karibu wote na swali moja: wanunue tangi la lita ngapi la kubebea samadi ya majimaji hadi shambani, na trekta ya kulivuta ya nguvu za farasi ngapi? Mimi ni mhandisi wa mitambo ya kilimo, na kabla ya kulijibu swali hilo humwomba mwenyeji wangu tutembee kwa miguu kutoka kwenye shimo la samadi hadi pembe ya mwisho ya shamba lake la mabingobingo. Katika mwendo huo mimi hutazama mchanga, mawe ya matumbawe yaliyochomoza, mteremko, upana wa lango na umbali wa kisima cha jirani. Mambo hayo ndiyo yanayochagua tangi, na tangi ndilo linalochagua trekta.

Hebu tuanze na wingi wa samadi yenyewe. Ng'ombe mkubwa wa maziwa anayelishwa bandani hutoa takribani kilo 35 hadi 50 za kinyesi na mkojo kwa siku, kutegemea uzito wake na anachokula. Ukiongeza maji ya kuoshea sakafu, si ajabu kufikia lita 60 kwa kila ng'ombe. Mfugaji mwenye ng'ombe 30 basi hukusanya lita 1,800 kila siku, yaani lita 54,000 kwa mwezi. Huku pwani haifai kumwaga samadi ya majimaji wakati masika yamepamba moto, kwa kuwa mvua huizoa kabla mimea haijafaidika nayo, na mwamba wetu wa matumbawe umejaa nyufa zinazoipitisha moja kwa moja hadi kwenye maji ya visima. Wakazi wengi wa Mombasa huishi kwa maji hayo ya visima, na naitreti, kemikali inayotokana na nitrojeni ya samadi, ikizidi ndani yake huwadhuru watoto wachanga kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo shimo lazima liweze kuhifadhi samadi ya miezi miwili, ambayo kwa mfugaji wetu ni lita 108,000.

Wengi wakiisikia hesabu hiyo hushtuka na kutaka tangi kubwa. Mimi huwaonyesha kwamba tangi la lita 3,000 huimaliza kazi hiyo kwa safari 36, na kama kila safari inachukua nusu saa, ni saa 18, yaani siku tatu za kazi zisizo za haraka. Tangi la lita 5,000 huchukua safari 22. Tofauti hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na yale ambayo tangi kubwa huidai trekta.

Lita moja ya samadi ya majimaji ina uzito unaokaribia kilo moja, sawa na maji. Tangi la lita 5,000 ambalo likiwa tupu lina kilo 1,600 huwa na kilo 6,600 likijaa. Sehemu ya uzito huo, tuseme kilo 700, hulalia ndoano ya trekta, na uliobaki hubebwa na magurudumu ya tangi. Juu ya lami kuuvuta uzito huo ni kazi nyepesi. Katika mchanga mlegevu wa Kikambala mambo hubadilika, kwa sababu gurudumu huzama na kila hatua huwa kama kupanda ngazi. Nguvu ya kuvuta inayohitajika hapo yaweza kufikia moja ya tano ya uzito ulio juu ya magurudumu, yaani kama kilo 1,200. Sasa itazame trekta ndogo ya nguvu za farasi 50, ya aina iliyozoeleka, inayosukuma kwa magurudumu ya nyuma tu. Uzito wake wote ni kama kilo 2,100, na unaolalia magurudumu ya nyuma, pamoja na ule wa ndoano, ni kilo 2,100 vilevile. Tairi kwenye mchanga hushika kwa karibu asilimia 40 ya uzito unaozikandamiza, kwa hiyo trekta hiyo ina mvuto wa kilo 840. Haitoki hapo ilipo, hata injini yake ingeongezwa nguvu mara mbili, kwa maana tairi zitazunguka mahali pamoja zikijichimbia shimo. Trekta ya kilo 3,500 inayosukuma magurudumu yote manne, ikiongezewa zile kilo 700 za ndoano, ina mvuto wa karibu kilo 1,700, na hiyo hupita. Ndiyo maana huwasihi wafugaji wauulize uzito wa trekta na idadi ya magurudumu yanayosukuma kabla ya kuuliza nguvu za farasi. Pampu ya tangi kama hilo kwa kawaida haiielemei injini ya trekta ya ukubwa huo. Ni mchanga na milima vinavyoielemea.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni kusimama. Trekta nyingi ndogo zina breki za magurudumu ya nyuma tu, na matangi mengi yaliyochomelewa katika karakana za hapa hayana breki kabisa. Ichukue trekta ile ile na tangi lile lile la lita 5,000: tani 8.7 zinashuka kwenye barabara ya murram yenye kokoto zilizolegea, kwenye mteremko wa asilimia 10 kama ile iliyopo kuelekea Rabai na Mazeras. Breki zinashika kupitia uzito wa kilo 2,100 peke yake, na kokoto hizo hushika kwa asilimia 40 hivi. Ukizidisha unapata kilo 840 za kuzuia, ilhali mteremko unausukuma mzigo kwa kilo 870. Maana yake ni kwamba dereva akikanyaga breki hadi mwisho, tairi zikaacha kuzunguka, trekta bado yaweza kuendelea kuteremka. Nimewahi kuitwa kutazama trekta iliyolala ubavu chini ya mteremko wa namna hiyo. Dereva alinusurika kwa kuwa kasi ilikuwa bado ndogo, na alinieleza kwamba hakuelewa kwa nini breki, ambazo zilikuwa zimetengenezwa wiki hiyo hiyo, zilimkana. Breki zilikuwa nzima. Mzigo ndio uliozizidi.

Kwa hiyo tangi linalozidi lita 2,000 nitalishauri liwe na breki zake lenyewe, na hapa kuna mtego kwa wanaonunua matangi yaliyotumika yanayoshushwa bandarini kutoka Ulaya. Mengi ya matangi hayo huja na breki nzuri za mafuta ya haidroliki, lakini trekta nyingi za zamani tulizo nazo hazina valvu ya breki za trela, hivyo mpira wa breki hufungwa kwa waya pembeni na kusahaulika. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba trekta yako ina valvu hiyo au inaweza kuwekewa, kwamba pete ya tangi inaingia barabara kwenye ndoano yako, na kwamba pampu inahitaji shafti ya PTO (ile ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine) ya mizunguko 540 kwa dakika, wala si 1,000, kama trekta yako haina hiyo ya pili.

Ndani ya tangi ulizia kuta za kukatiza mawimbi. Tangi lililojaa pomoni hutulia. Lililofika nusu ndilo la hatari, kwa kuwa samadi hukimbilia mbele dereva anapofunga breki, na hukimbilia nyuma anapopanda mlima na kuinyanyua ndoano, hata magurudumu ya nyuma ya trekta yakapungukiwa na uzito pale pale yanapouhitaji.

Kuhusu tairi, pwani yetu inatuweka njia panda. Mchanga unataka tairi pana zenye upepo mdogo, na matumbawe hukata mbavu za tairi laini kama kisu. Kwa shamba la mchanga mtupu nitachagua pana bila kusita. Kwa shamba lenye mawe nitachagua tairi ngumu zaidi, kisha nipunguze tangi.

Pampu ya kufyonza hewa ina neema moja huku kwetu. Kwenye usawa wa bahari hewa ina uzito wake kamili, kwa hiyo samadi hupanda kwenye bomba kwa urahisi kuliko katika mashamba ya nyanda za juu, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) nayo hupumua vizuri zaidi. Hata hivyo usitegemee kufyonza kutoka kina kinachozidi mita tatu au nne, hasa samadi ikiwa nzito au ikiwa na mabua ya mabingobingo yaliyokatwa marefu. Kata majani yawe mafupi, na mabomba hayataziba.

Kutu ndiyo adui wa kudumu. Samadi hula chuma kwa ndani, na upepo wa bahari hukila kwa nje, kaskazi na kusi. Lipia tangi lililochovywa zinki baada ya kuchomelewa, si lililopakwa rangi tu, na ulioshe kila baada ya kazi kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi, na kuoshea hayo ni kuongeza madhara. Tangi lililotumika ligongwe kwa nyundo sehemu ya chini, ambapo sauti ya bati jembamba hujitambulisha yenyewe.

Kuna onyo moja ambalo ningependa kila mtoto wa shamba alijue. Samadi iliyokaa inapokorogwa hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza. Ikiwa nyingi huizima pua, harufu ikatoweka, na mtu akadhani hatari imepita, kumbe hapo ndipo inapoua kwa pumzi chache. Asiingie mtu yeyote ndani ya tangi wala shimo, hata kumfuata aliyeanguka. Aitwe mtu mwenye kifaa cha kupumulia. Wakati wa kukoroga, watu na ng'ombe waondolewe upande unakoelekea upepo.

Kazi ya kumwaga ifanywe jioni. Katika jua la adhuhuri sehemu kubwa ya amonia, gesi yenye nitrojeni, hupotea hewani katika saa chache za mwanzo, nayo ndiyo mbolea uliyoisotea. Mita moja ya ujazo ya samadi ya ng'ombe ina takribani kilo 2 hadi 3 za nitrojeni, kiasi cha kutosha kujali namna unavyoimwaga. Sahani ya kurushia ni rahisi kutumia na haina gharama kubwa, ila mabomba ya mpira yanayoburutwa chini huiweka samadi kwenye udongo badala ya kuitawanya hewani, na majirani hushukuru.

Tangi likifika nyumbani, usilijaze samadi siku ya kwanza. Lijaze maji safi, ambayo uzito wake ni karibu sawa, halafu uipite njia yote polepole: mchangani, langoni, kwenye mteremko mkali kuliko yote, ukifunga breki mara kadhaa ukiwa bado mahali pa usalama. Rudia tangi likiwa nusu. Trekta ikiteleza au ndoano ikinyanyuka, punguza ujazo hadi itulie, kisha piga alama ya rangi ubavuni mwa tangi mahali maji yalipofika, na mwambie dereva asiivuke.