Chaki haikatiwi utepe

Kila mwaka tukiikaribia tarehe 12 Januari, Unguja na Pemba hapatulii. Magari ya viongozi yanaingia vijijini, mahema yanasimamishwa, na banda jipya la skuli linafunguliwa au linawekewa jiwe la msingi. Miaka mingi nilikaa kwenye meza ya mipango na bajeti ya elimu hapa Pemba, na kazi yangu ilikuwa ikianza pale mahema yanapokunjwa.

Watu huniuliza: hivi wanasiasa wetu wanaijali skuli ya serikali? Wanaijali. Hapa kwetu hakuna anayethubutu kupanda jukwaani akasema kinyume. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, na tangu hapo neno hilo limekuwa amana. Wa chama tawala analitaja, wa upinzani analitaja, kila mmoja anajinadi kuwa ndiye mlinzi wake. Ndiyo maana mabishano yenyewe huyasikii mkutanoni. Yamo kwenye makasma, yaani mafungu ya bajeti.

Tamko lile la 1964 lilikuwa na fedha za karafuu nyuma yake. Miaka ya 1980 Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, ikajitosheleza kwa karafuu zake, bei ikaporomoka, na kufika miaka ya 1990 wazazi walikuwa wakichangia. Hakuna aliyelifuta neno "bila malipo". Lilibakia kwenye hotuba, na mzazi akabakia na risiti yake. Dk. Ali Mohamed Shein ndiye aliyekuja kuiondoa michango, akianzia skuli za msingi mwaka 2015, za sekondari zikafuata baadaye.

Sasa, mchango ukiondoka lazima pawe na kitu cha kuziba pengo, nacho ni ruzuku ya serikali. Hapa ndipo penye mambo. Bajeti ina pande mbili: kazi za maendeleo, yaani majengo, na kazi za kawaida. Ndani ya kazi za kawaida mna mishahara na mna matumizi mengineyo. Mshahara wa mwalimu haukatwi, na usikatwe. Kwa hivyo makusanyo yakipungua, mkasi unakwenda moja kwa moja kwenye mengineyo: chaki, karatasi, umeme, bati la kuziba panapovuja. Tena kuidhinishwa si kuingizwa. Baraza la Wawakilishi pale Chukwani linapitisha fungu, Hazina inatoa kadiri fedha zinavyopatikana. Tarakimu unayoisikia kwenye hotuba ya bajeti ni ahadi.

Skuli moja ya wilaya ya Wete, sitaitaja, ilifunguliwa banda lake kwa ngoma na vigelegele. Nilirudi baadaye, mwalimu mkuu akanionesha daftari la muuza duka: chaki, rimu za karatasi, kufuli, vyote kwa deni.

"Ruzuku haijaja, mwalimu?"

"Itakuja, bwana. Lakini watoto washakuja."

Wiki ileile Mwakilishi alikuwa amepita na saruji ya mfuko wa jimbo, kwa ajili ya banda jengine ambalo wanakijiji wamelipandisha kwa nguvu zao mpaka kwenye linta. Alishangiliwa. Na mimi nilipiga makofi.

Simlaumu sana. Banda lina jimbo, lina picha, lina kibao cha marumaru chenye jina la mtu na tarehe. Kopo la chaki halina hata kimoja katika hivyo, na linakwisha. Wala sizibezi skuli za ghorofa zilizojengwa tangu Dk. Hussein Ali Mwinyi ashike nchi mwaka 2020, nyengine kwa mkopo wa UVIKO-19 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Palipo na mikondo miwili, mtoto wa mchana anarudi nyumbani magharibi inakaribia, vyumba vinahitajika. Lakini ghorofa inataka pampu ya maji, usafi wa vyoo, mlinzi, umeme. Kila utepe unaokatwa upande wa maendeleo unaacha ankara upande wa kazi za kawaida, na ankara hiyo haina siku ya sherehe.

Hata kipimo kinachopendwa kunukuliwa, kile cha Azimio la Incheon, la kimataifa la elimu, la mwaka 2015 kinachotaka elimu ipate asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya serikali, hakisemi sehemu gani ni zege na sehemu gani ni chaki. Mradi mmoja mkubwa wa ujenzi unaweza kuipandisha asilimia ya mwaka mzima, na mwalimu mkuu yule bado anadaiwa dukani.

Kuna Mwakilishi mmoja niliwahi kumbana, kwenye baraza ya kahawa pale Wete. Nikamuuliza: katika matumizi mengineyo ya elimu mliyoyapitisha, hadi Machi zimeingia ngapi? Akacheka, akaniagizia kahawa na kashata.

"Mzee wangu," akasema, "suali hilo jimboni kwangu ananiuliza nani?"